Shajara ya mradi: bango la rangi tatu, kutoka Krita hadi serigrafi, Lubumbashi

Kazi yenyewe: bango la A3, nakala 60, kwa ajili ya maonyesho ya wanafunzi wa michoro hapa Lubumbashi mwezi wa Juni. Pamoja nalo kuna fulana 25, bashi (turubai la tangazo) moja la mita 3 kwa 1, na picha ya kuweka kwenye hali ya WhatsApp. Bajeti ni dola 240. Shajara inaandikwa kila hatua inapokwisha, ili anayetaka kuirudia kazi hii aikute pamoja na hasara zake. Hatua za kawaida zimefupishwa. Palipoharibika ndipo pameelezwa kwa kirefu.

4 Februari 2024. Mtambo kwanza, mchoro baadaye

Wanafunzi wengi huchora hadi wamalize, halafu ndipo wanatafuta pa kuchapia. Matokeo ni mchoro wenye rangi arobaini na vivuli laini ambao hakuna mtambo mjini utakaoutoa kwa bei ya mwanafunzi. Mradi huu umeanzia upande wa pili: tulijua itachapwa vipi kabla ya kushika kalamu.

Printa ya leza ya rangi ni dola 1.5 kwa karatasi moja ya A3, kwa hiyo mabango 60 ni dola 90, na fulana bado hazijaguswa. Ofseti, uchapaji wa mtambo mkubwa, haina maana kwa idadi ndogo kama hii. Serigrafi, yaani kusukuma wino kupitia kitambaa cha wavu kilichovutwa kwenye fremu, inakula pesa mwanzoni, kwenye fremu na emulsheni (dawa inayogandishwa na mwanga, ambayo huziba wavu pasipotakiwa wino), lakini fremu zilezile zinachapa karatasi na fulana. Tukachagua serigrafi, wino tatu, kwa mkono.

Uamuzi huo mmoja umeleta masharti manne: hakuna mpito laini wa rangi, hakuna mstari mwembamba kuliko milimita 0.5, rangi zisizidi tatu, na pembeni kote pabaki ukingo mweupe wa milimita 15, kwa sababu karatasi ni A3 kamili na hakuna ziada ya kukata. Masharti haya yameandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani juu ya meza. Yafanye hivyo hivyo, maana katikati ya kuchora ni rahisi sana kuyasahau.

11 Februari. Rangi na alama: wazo la kwanza limekataliwa

Wazo la kwanza lilikuwa msalaba wa shaba, ile fedha ya zamani ya Katanga iliyokuwa ikisubuliwa kwenye kalibu. Misalaba mitatu, rangi ya shaba, juu ya uwanja mweupe, na mkanda wa kijani ukikata bango kwa mshazari. Kwenye skrini lilipendeza.

Sampuli ilipoonyeshwa kwa watu wa rika mbalimbali katika mitaa ya Lubumbashi iitwayo Kamalondo na Kenya, wazee waliuliza swali moja: «Hii ni drapo ya Katanga?» Walikuwa na haki. Bendera ya Katanga iliyojitenga kati ya 1960 na 1963 ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, pamoja na nyekundu, nyeupe na mkanda wa kijani wa mshazari. Msalaba mmoja peke yake una historia ndefu kuliko siasa hiyo, lakini mitatu, kwenye nyeupe, karibu na kijani, ni bendera tu, hata msanii akusudie nini. Bango la maonyesho ya michoro halina sababu ya kuanzisha ubishi ambao halikukusudia kuuanzisha.

Kilichobaki ni rangi zenyewe, shaba na kijani cha malakiti, kwa sababu malakiti ni madini ya shaba na rangi hizo mbili zinatoka katika udongo mmoja. Alama imebadilishwa. Ukikata jiwe la malakiti na kulisugua, ndani unaona mikanda ya kijani iliyozungukana, kizito kisha chepesi, kama pete za shina la mti. Mikanda hiyo ndiyo sasa inayojaza bango, na katikati yake mkono umeshika penseli.

Fundisho la hatua hii kwa anayefuata: onyesha sampuli kwa watu wenye umri zaidi ya miaka sitini kabla ya kuipenda kupita kiasi. Wanasoma alama ambazo kijana hazioni.

18 Februari. Kupima rangi zinapopandana

Wino mbili zikipandana zinatoa rangi nyingine bila gharama ya fremu nyingine. Katika Krita, programu tuliyochorea, hilo linapimwa kwa kuweka tabaka la juu kwenye hali ya kuzidisha.

Jaribio la kwanza lilitumia (kwa misimbo ya rangi ya kompyuta) shaba kali #C8642B na kijani kizito #1F7A5A. Zilipopandana zilitoa #18300F, ambayo kwa jicho ni nyeusi. Mistari ya wino wa tatu, mweusi, ikapotea ndani yake. Rangi zimepunguzwa ukali: shaba #E0893F, kijani #6FAE8C. Sasa zikipandana zinatoa #625D23, kahawia ya udongo wa mvua, na mweusi unaonekana vizuri juu yake.

Hesabu ni rahisi na inafaa kuifanya hata bila kompyuta: kila kijenzi cha rangi ya kwanza (nyekundu, kijani, bluu, kwa namba 0 hadi 255) zidisha kwa kile cha rangi ya pili, gawanya kwa 255. Ikiwa namba zote tatu zinatoka chini ya 50, acha, hiyo ni nyeusi. Hata hivyo kumbuka kwamba namba za skrini ni dira tu. Wino halisi utapimwa kwenye karatasi halisi.

25 Februari. Kuchora kwenye kompyuta ya GB 4

A3 kwa doti 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961. Tabaka moja la rangi lililojaa linachukua takriban MB 70 za kumbukumbu. Tabaka kumi na tano zilitosha kuigandisha kompyuta.

Dawa yake imetoka kwenye serigrafi yenyewe. Kila wino mwishowe utakuwa filamu nyeusi (karatasi angavu yenye mchoro mweusi unaozuia mwanga), kwa hiyo hakuna haja ya kuchora kwa rangi. Faili limebadilishwa kuwa la kijivu la biti 8, na kila tabaka likashuka hadi MB 35 hivi. Rangi zinaangaliwa katika faili jingine dogo la doti 100 kwa inchi, ambalo kazi yake ni kuonyesha tu.

Delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) ni jambo la kupangia, si la kulalamikia. Muda wa kujihifadhi umewekwa dakika 3, na kila sehemu inapokamilika, Ctrl+Alt+S inatoa toleo jipya lenye namba inayofuata. Usihifadhi juu ya faili lilelile siku nzima: umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, unaweza kupoteza la zamani na jipya kwa pamoja.

10 Machi. Vivuli: vidoti vimeshindwa, mistari imeshinda

Hii ndiyo hatua iliyokula muda mrefu kuliko zote, na ndiyo iliyolipatia bango sura yake.

Mkono unahitaji kivuli. Njia inayofundishwa kila mahali ni kuvunja kivuli kuwa vidoti. Kitambaa tulichonunua ni cha nyuzi 43 kwa sentimita, yaani karibu 110 kwa inchi. Vidoti vya mistari 45 kwa inchi (safu 45 za vidoti katika kila inchi) vilijaribiwa kwenye fremu ndogo ya majaribio. Vile vidogo havikushika kabisa, na sehemu za kati zikatoa mawimbi yasiyotakiwa, kwa kuwa safu za vidoti zilikuwa zinapigana na nyuzi za kitambaa.

Kanuni ni kugawa idadi ya nyuzi kwa nne: 110 kwa 4 ni karibu 27. Jaribio la pili, mistari 25 kwa inchi na pembe ya digrii 22.5, lilichapika vizuri na mawimbi yakaisha. Ila kila kidoti kilikuwa na upana wa karibu milimita moja, na kwenye vidole vya mkono wa A3 ngozi ilionekana kama ina ndui. Kitambaa laini zaidi, cha nyuzi 77, kingeondoa tatizo, lakini kinaziba upesi kwa wino wa maji na kingeongeza dola ambazo hazipo.

Suluhisho lilikuwa hapahapa mjini. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Hangar, wakati mji ukiitwa bado Elisabethville. Humo Mwenze Kibwanga alikuza namna ya kujaza umbo lote kwa mistari mifupi iliyolala pamoja, bila kivuli laini hata kimoja. Mstari mfupi ni rafiki wa serigrafi: una unene unaojulikana, una mwelekeo, na wavu unaupitisha bila kuhangaika. Si suala la kunakili michoro yake. Ni kuelewa kwamba kivuli kinaweza kuwa idadi na uelekeo wa mistari.

Vipimo vilivyokubalika: mstari wa milimita 0.8, sawa na pikseli 9 hadi 10. Nafasi kati ya mistari kuanzia milimita 0.8 penye giza hadi 2.5 penye mwanga. Nafasi ikishuka chini ya milimita 0.6, wino unaiziba. Brashi iwe ngumu isiyo na ukingo laini, na mwishoni pitisha kichujio cha kizingiti ili kila pikseli iwe nyeusi au nyeupe. Kijivu chochote kinachobaki kitakuwa mwanga nusu kwenye emulsheni, na mwanga nusu hautabiriki.

Katika majaribio hayohayo mvua ilileta somo lake. Emulsheni iliyokauka kwa saa mbili gizani ilitoka yote wakati wa kuosha. Haikuwa imekauka ndani, maana hewa ya Machi ina unyevu mwingi. Ukigusa juu unasema imekauka. Sasa fremu inalala usiku mzima, kitambaa kikiangalia chini, feni ikipuliza kutoka mbali.

17 Machi. Herufi

Maandishi yametengenezwa katika programu ya Inkscape, yakiwa vekta (maumbo yanayokuzwa bila kupoteza ukali). Jina la maonyesho lina kimo cha milimita 42, tarehe na mahali milimita 11, mengine milimita 6. Ukanda wa maandishi ulichapwa kwa leza nyeusi na kutundikwa ukutani: tarehe lazima isomeke na mtu aliye ng'ambo ya barabara ya mtaa. Ya milimita 8 haikusomeka, ya 11 ilisomeka.

Tatizo moja. Duka la kuchapa lilifungua PDF katika programu nyingine na fonti ikabadilishwa bila onyo. Badilisha maandishi yote kuwa njia, yaani maumbo yasiyotegemea fonti (Shift+Ctrl+C), lakini baki na nakala ambayo maandishi yake bado yanaharirika. Ukumbi ukibadilishwa wiki ya mwisho, nakala hiyo ndiyo itakayokuokoa.

31 Machi. Kutenganisha rangi

Kila wino una faili lake, lote jeusi, lenye alama nne za kulinganisha ndani ya ukingo mweupe, milimita 8 kutoka mwisho wa karatasi. Zisiwekwe mwisho kabisa, kwa sababu printa ya leza haichapi milimita 5 za pembeni.

Pale rangi mbili zinapokutana bila kupandana, ya chini imepanuliwa pikseli 5, yaani milimita 0.4, ili iingie chini ya nyeusi. Chagua umbo, panua uchaguzi, jaza. Bila hiyo, kusogea kidogo tu kwa karatasi kunaacha ufa mweupe, na jicho linauona ufa kabla ya kuuona mchoro. Usipanue nyeusi. Nyeusi ndiyo inayochora umbo, na ikinenepa mistari ya vivuli inafungana.

14 Aprili. Kalki inayosinyaa

Filamu angavu za A3 ni ghali, kwa hiyo tumetumia kalki (karatasi nyembamba inayopitisha mwanga) kwenye printa ya leza. Kasoro mbili zilijitokeza.

Ya kwanza: nyeusi ya leza ina vitundu vidogo ukiiangalia dhidi ya mwanga, hasa kwenye maumbo makubwa ya mikanda. Kalki mbili zenye chapa ileile, zikilinganishwa juu ya kioo na kubandikwa kwa selotepu, zilitoa weusi wa kutosha.

Ya pili ni mbaya zaidi. Alama za kulinganisha za shaba na kijani ziligongana sawasawa juu, lakini chini zilitofautiana kwa karibu milimita moja na nusu. Faili halikuwa na kosa. Joto la printa linatoa unyevu kwenye kalki, nayo inasinyaa. Na kalki ya kijani ilichapwa siku nyingine, ikiwa na unyevu tofauti. Hakuna upanuzi wa milimita 0.4 unaoweza kuficha hitilafu hiyo.

Utaratibu uliofanikiwa: pitisha kalki zote tupu ndani ya printa kwanza, kwa kuchapa ukurasa usio na kitu, ili zisinyae mapema. Halafu chapa rangi zote tatu mfululizo, pakiti moja, upande uleule wa karatasi. Zifunge papo hapo kwenye mfuko wa plastiki. Tofauti ilishuka hadi chini ya milimita 0.3. Kalki zilizotupwa ni nusu ya pakiti, dola 3.

28 Aprili. Fremu na mwanga

Fremu tatu za mbao, ndani sentimita 45 kwa 58, ili wino upate nafasi ya kupumzika kila upande. Kitambaa kimevutwa na kupigwa stepla kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni. Kimepakwa emulsheni mara moja kila uso na kulazwa usiku.

Mwanga ni jua. Fremu, kalki, kioo safi cha milimita 4 juu, kitambaa cheusi chini. Muda haukubashiriwa, ulipimwa: kipande cha majaribio kilifunikwa kwa katoni na kufunuliwa kidogo kidogo kila sekunde 10. Kwa emulsheni hii, jua la saa sita mchana bila wingu, sekunde 70 ndizo zilizofaa. Kwa sekunde 40 mistari ilioshwa pamoja na kilichoizunguka. Kwa 110 mistari ya milimita 0.8 ilianza kufungwa, kwani mwanga unapenya kando ya weusi wa kalki. Wingu likipita katikati, usijaribu kuongeza sekunde kwa kukisia. Osha fremu na uanze upya.

Mvua zimekwisha na vumbi jekundu limeanza. Chembe moja ikikaa kwenye kioo inatoa tundu kwenye emulsheni, na tundu linatoa nukta ya wino kwenye kila bango. Shika kila fremu dhidi ya dirisha na uzibe matundu kwa brashi ndogo na emulsheni, kisha irudishe juani.

12 Mei. Karatasi

Utaratibu wa wino: shaba, kijani, nyeusi. Fremu imeinuliwa juu ya karatasi kwa milimita 3, kwa kubandika sarafu chini ya pembe, ili kitambaa kiachane na karatasi mara tu mpira wa kukokota wino unapopita. Bila sarafu, kingo zilitoka na ukungu.

Mchanganyiko wa kwanza wa kijani ulikuwa na weupe ndani, na ulifunika shaba kabisa. Ile kahawia iliyopimwa Februari haikutokea. Wino umechanganywa upya: gramu 6 za rangi kali kwa gramu 100 za wino msingi usio na weupe. Kahawia ikaja, ya joto kidogo kuliko ile ya skrini, na ni nzuri zaidi.

Hewa kavu ya Mei inakausha wino wa maji ndani ya wavu, na mistari myembamba ndiyo inayoziba kwanza. Baada ya kila chapa, rudisha wino juu ya kitambaa bila kukandamiza, ili wavu ubaki umelowa, na nyunyiza ukungu wa maji kila ikionekana inakauka. Ukisimama kupokea simu, utaosha fremu. Alama za kulinganisha zinazibwa kwa selotepu mara karatasi za kwanza zikikubali, zisichapwe kwenye bango. Karatasi ni za gramu 250. 75 zimenunuliwa, nzuri zimetimia 60.

19 Mei. Fulana

Fulana nyeusi zilizoombwa hazikuwezekana: wino usio na weupe unapotelea juu ya nyeusi. Zimebadilishwa kuwa nyeupe na krimu. Ingiza katoni ndani ya fulana, vinginevyo wino unapita hadi mgongoni. Kausha siku nzima, halafu pasi ya moto bila mvuke, karatasi nyembamba katikati, dakika 3 kila sehemu. Fulana iliyopigwa pasi dakika moja ilipauka ilipofuliwa kwa mkono. Ya dakika 3 haikupauka.

26 Mei. Bashi, WhatsApp na hesabu

Bashi lilipelekwa likiwa PDF ya vekta. Mkunjo wa pembeni unakula sentimita 4 na matundu ya kamba yanakaa hapo, kwa hiyo maandishi yako sentimita 8 ndani. Kijani kilitoka cha bluu kwenye mtambo huo. Ukanda wa majaribio wenye vijani vitano, uliochapwa kwenye kipande kilichobaki dukani, ulisaidia kuchagua kabla ya kulipa.

Picha ya WhatsApp ni pikseli 1080 kwa 1920, na juu na chini pameachwa wazi pikseli 250, maana programu yenyewe inaandika hapo. Anayehitaji kuichapa atumiwe kama dokumenti. Ikitumwa kama picha inabanwa, na mistari ya vivuli ndiyo inayoharibika kwanza.

Gharama kwa dola: kitambaa mita 2 chenye upana wa mita 1.5, 26, mbao na pini, 9, emulsheni kilo moja, 22, wino msingi na rangi kali, 34, mpira wa kukokota, 10, kioo, 6, kalki, 6, kuchapa kalki, 3, karatasi, 23, fulana, 80, bashi, 24. Jumla 243, imezidi kwa 3, ambazo ni sawasawa na kalki zilizosinyaa.

Fremu ya shaba na ya kijani zimeoshwa emulsheni na ziko tayari kupakwa tena. Ya nyeusi imeachwa na mchoro wake, kwa sababu maombi ya fulana zaidi yameshaingia. Imefungwa kwenye gazeti na kusimamishwa wima, mbali na jua, kitu chochote kisiegemee kitambaa.